Paa la Chumba cha Pili

Duka la rangi lilikuwa limefurika watu hadi nje ya mlango asubuhi ile ya Jumamosi. Mafundi walisukumana na wenye nyumba, wenye nyumba wakasukumana na wapenzi wao waliokuja kuchagua rangi ya sebule, na kila mtu alikuwa na haraka kuliko mwenzake. Katikati ya vurugu hiyo alisimama fundi mmoja mrefu, ameinua kopo tupu juu ya kichwa ili muuzaji alione. Walimwita Madoa kwa sababu ovaroli yake ilibeba tone la kila nyumba aliyowahi kupaka. Alikuwa amefika umri wa kuoa mara mbili, na hakuwa ameoa hata mara moja.

Kitu kikalia karibu na sikio lake. Pii!

Aligeuka. Mwanamke alikuwa amemnyooshea kitu kama bastola ya plastiki.

"Usishtuke, kaka," mwanamke akasema. "Napima kofia yako."

"Kofia yangu imekosa nini?"

"Ni nyeusi, na umeiweka juani tangu asubuhi. Ina moto kuliko bati la hapo mlangoni."

"Na kichwa changu je?"

"Kichwa kiko chini ya kofia. Huko sina kibali."

Watu wakacheka. Madoa naye akacheka, ingawa hakuwa na uhakika kama ametaniwa au ametukanwa. Alimtazama vizuri. Gauni la manjano la mikono mifupi, kilemba kidogo cha kijani, halafu miguuni buti za kazi zenye chuma mbele. Alionekana kama mtu aliyeanza kuvaa kwenda harusini akamalizia kuvaa kwenda mgodini.

"Hicho ni nini?" Madoa akauliza.

"Kipima joto. Unakielekeza kwenye kitu, kinakuambia joto lake bila kukigusa. Mimi kazi yangu ni hiyo, kupima. Na sasa hivi natafuta fundi wa kupaka mapaa mawili, mtu mwenye mkono mmoja."

"Mwenye mkono mmoja atapandaje ngazi?"

"Jamani! Namaanisha mkono usiobadilika. Unene wa rangi uwe sawa juu na chini, paa hili na lile."

Muuzaji alidakia kutoka nyuma ya kaunta. "Mchukue huyo Madoa, dada. Mdomo wake hauna breki, lakini rangi yake haina mchirizi."

Hivyo ndivyo walivyokutana. Madoa alitoka dukani bila rangi aliyoifuata, na alikumbuka hilo alipofika kwa mteja wake.

* * *

Kazi ilikuwa nyuma ya kiwanda cha rangi, kwenye uwanja wa kokoto usio na mti. Kulikuwa na vyumba viwili vilivyojengwa ubavu kwa ubavu kama mapacha: matofali yale yale, dirisha moja kila kimoja, mlango wa chuma, mabati juu. Kila chumba kilikuwa na kiyoyozi na mita yake ya umeme, lakini viyoyozi vilikuwa bado havijaruhusiwa kuwashwa.

Mpimaji alimpa makopo. Baadhi yalikuwa na mfuniko mwekundu, mengine mfuniko wa bluu. Madoa akafungua moja la kila aina, akachovya kijiti. Rangi zote mbili zilikuwa za kahawia iliyokolea. Akazipaka kwenye kipande cha ubao, akasogea mbali, akakodoa macho.

"Bibie, hizi ni rangi moja."

"Kwa macho yako."

"Mimi natumia macho gani mengine?"

Alicheka, akaketi juu ya kopo, gauni lake akalikusanya magotini. "Jua linaleta vitu viwili. Mwanga unaouona, na joto usiloliona. Rangi ya mfuniko wa bluu inameza vyote viwili, ndiyo maana bati linawaka. Ya mfuniko mwekundu ina unga maalumu ndani yake. Inabaki kahawia hivyo hivyo, lakini lile joto lisiloonekana inalirudisha lilikotoka. Watu hawapendi paa jeupe, linachafuka upesi. Sasa hapa unapata paa jeusijeusi na chumba baridi."

"Yaani inalidanganya jua."

"Sema hivyo kama unataka."

"Basi nimeipenda. Na mwenye kuileta pia."

"Fundi, paka rangi."

Alipaka. Chumba cha kwanza nyekundu, chumba cha pili bluu, mikono miwili, yaani tabaka mbili, kila paa. Siku zile za kupaka ndizo siku tamu kuliko zote katika maisha ya Madoa. Alikuwa juu, mpimaji chini, wakirushiana maneno kama watoto. Mpimaji akimwambia teremka unywe maji, Madoa hujibu hana kiu, kisha huteremka. Jioni simu zilianza. Mwanzoni zilihusu rangi tu, kama imekauka, kama haikupata vumbi. Baadaye hawakuhitaji tena rangi ya kuzungumzia.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nakula sauti yako."

"Utakufa njaa, Madoa."

Dada yake mkubwa, ambaye Madoa alipanga chumba nyuma ya nyumba yake, alisikiliza haya yote kupitia dirishani na hakujificha. "Mdogo wangu," alimwambia, "tangu lini unanyoa ndevu siku ya kazi? Mlete huyo mtu nimwone kabla hujamaliza wembe wote."

* * *

Vyombo vya kupimia vilichelewa kufika. Mpimaji alihitaji pa kufanyia kazi zake za kuandika, na kwa kuwa chumba cha kwanza kilijaa masanduku, aliingiza meza yake katika chumba cha pili.

Madoa alimtembelea huko siku moja mchana, akamkuta amevua kilemba, uso unang'aa kwa jasho, karatasi zimemgandia mkononi.

"Hiki chumba au tanuri?" Madoa akauliza.

"Ndiyo rangi ya bluu hiyo. Nitafanyaje? Ndiyo kazi."

"Na huku kwa jirani?"

"Huko raha tupu. Masanduku yanapepewa."

Alisema kwa mzaha, lakini Madoa aliondoka na maneno yale yakiwa yamemkaa kichwani. Tusidanganyane, mwanamume akipenda, akili huchukua likizo. Alijiuliza hivi: rangi nzuri ipo, imebaki makopo mazima stoo. Paa lipo. Mtu anayempenda anaokwa chini yake. Kuna nini cha kufikiri hapo?

Jumamosi mchana kiwanda kilipofungwa, alimwambia mlinzi kwamba kuna sehemu anataka kuirekebisha. Mlinzi alimjua, akafungua geti na stoo. Madoa akapanda paa la chumba cha pili na makopo ya mfuniko mwekundu, akapaka mkono wa kwanza, akasubiri kivulini, akapaka wa pili. Kahawia juu ya kahawia. Hakuna jicho la binadamu lingegundua. Hakumwambia mpimaji. Zawadi ya kujisifia haikuwa zawadi, aliona hivyo. Siku moja angemweleza, labda wakiwa wameshazeeka, nao wangecheka.

Wiki iliyofuata vyombo vikafika, vikafungwa, na upimaji ukaanza.

Hapo ndipo mambo yalipomgeuka, na Madoa hakuelewa kwa nini. Chumba kilipoa, lakini mpenzi wake alizidi kuwaka. Alipompigia, alijibu kwa neno moja moja. Alipotania, mwenzake alikohoa.

"Umelala vizuri, mpenzi?"

"Ndiyo."

"Chumba kinaendeleaje? Bado tanuri?"

"Hapana. Nafikiri nimezoea."

"Sasa mbona sauti hiyo?"

"Madoa, nina kazi. Nitakupigia."

Hakupiga.

Alipopita kiwandani kumwona, alikuta gari la kijivu limeegeshwa mbele ya chumba cha pili. Ndani, kupitia dirishani, aliona mwanamume mwenye shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama, ameinama begani kwa mpimaji, wote wawili wametazama meza moja. Mpimaji alikuwa ameshika kichwa. Yule mwanamume alisema kitu, naye akafuta macho.

"Nani huyo?" Madoa akamwuliza mlinzi.

"Injinia wa chuo. Siku hizi haishi kuja hapa."

Hiyo ilimtosha Madoa. Kichwa kilimzunguka njia nzima. Alimpa mpenzi wake chumba baridi, mwenzake akampa mgongo. Alijaribu kuipanga habari hiyo kila namna na kila namna iligoma. Kama ni kupendwa na injinia, mbona analia? Kama analia, mbona hamwambii yeye? Usiku ule simu ilipoita na jina la mpimaji likaonekana, aliitazama ikiita hadi ikanyamaza.

"Pokea basi, utaipasua kwa macho," dada yake akasema.

"Nimempenda mtu nisiyemwelewa, dada."

"Kuna mtu aliyewahi kumwelewa mpenzi wake? Mimi shemeji yako nilimfulia nguo miaka yote ile, na mpaka anaingia kaburini sikujua kwa nini alikuwa ananuna Jumatano."

* * *

Mpimaji ndiye aliyemfuata. Alimkuta Madoa kwenye jengo la ghorofa, amening'inia kwenye jukwaa na rola mkononi. Alikuwa amevaa lile gauni la manjano, lakini safari hii lilikuwa limekunjamana.

"Teremka," akasema.

"Una injinia, unanitaka mimi wa nini?"

"Nina nini?"

"Yule wa shati la kusimama. Nimewaona."

Alimtazama kama mtu anayesikia lugha ya ng'ambo. "Madoa, yule ndiye anayetaka kunifukuzisha kazi! Teremka nikuulize jambo, tafadhali."

Aliteremka. Alipomkaribia aliona macho yake yamevimba.

"Siku ile ya kupaka," mpimaji akasema, "ulichanganya makopo?"

"Kuchanganya vipi?"

"Nyekundu ukaiweka kote? Au bluu kote? Niambie ukweli, sitakasirika."

"Sikuchanganya. Cha kwanza nyekundu, cha pili bluu. Mwenyewe ulisimama ukaniona."

"Nilikuona, ndiyo." Akaketi juu ya rundo la matofali. "Basi mimi ndiye mwendawazimu. Vyumba vyote viwili vina joto moja. Asubuhi sawa, mchana sawa. Chuo walikubali kuipaka rangi hii kwenye mabweni yao yote kama tukiwaonyesha tofauti, maana umeme wa viyoyozi umewalemea. Mimi ndiye niliyemshawishi meneja kwamba tofauti ipo. Nilimwapia. Sasa injinia anakuja, anatazama, anasema rangi yenu ni kama rangi nyingine yoyote. Ijumaa meneja anafunga jaribio. Mimi nahamishiwa tawi la mbali, kuhesabu ndoo stoo."

Madoa akaiweka rola chini.

"Lakini vyumba vyote vimepoa," akasema polepole. "Si ndiyo maana yake rangi ni nzuri?"

"Vimepoa kuliko nini? Kama hakuna kilicho na joto, nitasema kingine kimepoa kuliko nini? Bila chumba kibaya, chumba kizuri hakina shahidi."

Alichosema Madoa hakikuwa uongo, hakuchanganya makopo, na neno hilo dogo alilishikilia kama mtu anayeshikilia ngazi inayoteleza. Mpimaji akasimama, akajipangusa vumbi, akaondoka. Madoa hakumwita.

Alirudi jukwaani akapaka ukuta mzima. Mwenye jengo alipokuja kukagua, alikuta dirisha moja nalo limepakwa, kioo na yote.

* * *

Alhamisi Madoa alipiga simu. Iliita kidogo tu.

"Madoa?"

"Bibie, nisikilize na usinikatize, maana nikisimama sitaendelea tena. Paa la chumba cha pili nililipaka nyekundu. Juu ya bluu. Jumamosi moja, kabla vyombo havijafika. Mikono miwili."

"Kwa nini?" mpimaji akauliza, kwa sauti ndogo.

"Ulikuwa unatoka jasho."

Simu ikakatwa.

Alipiga tena, haikupokelewa. Alituma ujumbe, ukasomwa, haukujibiwa. Hakujua kama amejenga au amebomoa. Alichojua ni kwamba kesho ni Ijumaa, na kwamba maneno ya simu hayawezi kusimama mbele ya meneja.

Ijumaa mchana alivaa ovaroli safi aliyoifua dada yake, akaenda uwanjani. Jua lilikuwa kali, kokoto zinachoma kupitia soli. Walikuwa wamesimama watatu mbele ya vyumba: meneja mwenye tumbo na funguo nyingi, injinia wa shati jeupe, na mpimaji. Hakumtazama Madoa.

"Nimekuja kusema," Madoa akaanza, huku akivua kofia. "Mimi ndiye niliyeharibu. Paa hili la pili lina rangi ile ile ya la kwanza. Nilipaka mwenyewe, hakunituma mtu. Huyu dada hakujua."

Meneja alimtazama Madoa, kisha paa, kisha Madoa. "Ulipewa chumba kibaya ukakifanya kizuri?"

"Ndiyo, mzee."

"Una akili timamu?"

"Siku hiyo sikuwa nazo."

Injinia alicheka, kisha akaona hakuna mwenzake anayecheka. "Lakini sababu ni nini, bwana? Nani amekulipa?"

"Hakuna aliyenilipa. Yeye alikuwa anakaa humo ndani. Kama una dawa inayoponya, na mtu unayempenda anaumwa mbele yako, utaifungia kabatini eti kwa sababu daktari anataka kuona atakavyozidiwa?"

Meneja aliacha kuchezea funguo zake. Mpimaji alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanatikisika, na Madoa hakuweza kujua kama analia au anacheka. Alipogeuka, alikuwa anafanya vyote viwili.

"Ninyi wawili!" meneja akasema. "Nimefika hapa kufunga jaribio, nakuta uchumba."

"Mzee," mpimaji akasema, huku akijifuta, "sasa tunajua nini kilitokea. Rangi haina kosa. Tuezue mabati ya chumba cha pili, tuweke mapya, tupake bluu, tuanze upya. Nipe msimu huu tu wa joto."

"Na fundi mwingine," meneja akasema.

"Hapana. Fundi yule yule, au vipimo havitakuwa halali. Paa la kwanza lina mkono wake."

Injinia alikuna kidevu. "Hapo ana haki," akasema. "Mimi nitasubiri."

Meneja akaondoka akinung'unika. Walipobaki peke yao, Madoa akanyoosha mkono. Mpimaji aliukwepa.

"Usinishike. Bado nimekukasirikia."

"Sana?"

"Sana. Uliniacha nikadhani nina wazimu. Ulisimama mbele ya matofali yale ukaniambia hukuchanganya. Siku zote hizo nililia, wewe ukawa unanionea wivu na injinia!"

"Niliogopa."

"Mimi pia niliogopa. Nani alikutuma uniletee baridi hiyo? Nilikuomba?"

Madoa alitazama chini, akasema, "Hukuniomba." Lilikuwa jibu dogo, lakini ndilo lililofanya mwanamke yule asiondoke.

* * *

Mabati mapya yakapigwa. Madoa akapanda na kopo la mfuniko wa bluu, akachovya rola, akasita. Alipopanda ngazi, kupitia dirishani, alikuwa ameona meza imerudishwa ndani, na kiti, na kilemba cha kijani kimetundikwa kwenye msumari.

"Unakaa humu tena?" akauliza.

"Kila siku. Lazima mtu asome vyombo."

"Kaa kwa jirani basi. Masanduku yametolewa."

"Na mtu akiwa ndani ya chumba analeta joto lake. Nilikaa hiki mwanzo, nitakaa hiki hiki. Paka, fundi."

Maisha yake yote hakuwahi kupaka paa kwa uchungu kama ule. Kila mvuto wa rola alijua unamwongezea jasho mtu aliyetaka kumpunguzia. Lakini alipaka, mikono miwili, bila mchirizi, na alipoteremka mpimaji alikuwa amemwekea maji mlangoni. Hawakusemezana sana siku ile. Walikunywa kutoka kikombe kimoja.

Simu zilirudi kidogo kidogo, kwanza za dakika, kisha za jioni nzima. Mchana mmoja wa jua la kupasua kichwa, Madoa akiwa juu ya ngazi kwa mteja mwingine, simu ikaita.

"Nataka usikie mwenyewe," mpimaji akasema. "Nipo chumba cha kwanza. Nyuzi thelathini na moja."

"Na cha pili?"

"Ngoja naingia." Mlango wa chuma ukalia. "Uuuh! Mama yangu! Kama nimeingia kwenye chungu."

"Pole, mpenzi."

"Usinipe pole, nipe hongera! Injinia yuko njiani, anakuja na mkuu wa chuo."

Madoa hakujua achague lipi. Moyo ulimfurahia na kumsikitikia kwa pamoja, na katika kuchanganyikiwa huko mdomo wake usio na breki ukatangulia.

"Bibie, mimi nataka kukuoa."

Upande wa pili alisikia kalamu ikikwaruza karatasi.

"Thelathini na nane," sauti ikasema.

"Thelathini na nane nini? Mimi nimekuuliza jambo lingine!"

"Nimesikia. Nimeandika kwanza, nisije nikaharibu kipimo kwa ajili yako." Akavuta pumzi. "Jibu langu ni ndiyo. Lakini sikiliza, Madoa. Paa la mtu huligusi bila kumwuliza."

"Hata lako?"

"Langu ndilo la kwanza."